Wahamiaji Wasiohama: Koo za Wavuvi wa Busia na Waayalandi wa Ziwani

Historia ya familia za wavuvi wa Samia na Bunyala, yaani pwani ya Ziwa Victoria iliyo kusini mwa Kaunti ya Busia, haiwezi kueleweka kwa kuanzia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kwa sababu mpaka huo ni mdogo kiumri kuliko koo zinazouvuka. Hadi tarehe 31 Machi 1902, nchi hiyo yote, pamoja na mahali ilipo miji ya Busia na Malaba leo, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Siku iliyofuata serikali ya Uingereza iliuhamishia mkoa huo kwenye Himaya ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920, ili reli iliyokuwa imekwisha kufika Kisumu Desemba 1901 iwe chini ya utawala mmoja tangu Mombasa hadi ziwani. Mtoto aliyezaliwa kando ya Mto Sio mwaka 1901 alizaliwa Uganda, na mdogo wake aliyemfuata mwaka 1903, katika nyumba ileile na mbele ya mafiga yaleyale, alizaliwa nchi nyingine.

Mstari wenyewe ulifafanuliwa kisheria kwa amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1926, iliyoupitisha mpaka katika maji ya ziwa hadi katikati ya mlango wa Mto Sio, ikaupandisha kwa kuufuata mto huo, kisha ikauelekeza kaskazini hadi kwenye Mto Malaba na kuufikisha Mlima Elgon. Waliouchora waliona mito kuwa alama rahisi ya kutenganisha nchi, lakini kwa wenyeji mito hiyo ilikuwa mahali pa kuchota maji, kunywesha ng'ombe na kutega kambare na kamongo, na watu wa ng'ambo moja walikuwa shemeji na wajomba wa watu wa ng'ambo ya pili. Wasamia waligawanywa na Sio kama Waiteso walivyogawanywa na Malaba. Busia na Malaba kama miji ni mazao ya mgawanyo huo: penye njia ya miguu iliyokuwa ikipitwa bila kuulizwa paliwekwa kizuizi, na penye kizuizi pakazuka ofisi, duka, soko na nyumba za kulala wageni.

Kutokana na hali hiyo, neno "mhamiaji" linahitaji kutumiwa kwa uangalifu mkubwa katika historia ya sehemu hii. Kwa kawaida mhamiaji ni mtu aliyeondoka mahali pamoja akaenda kukaa pengine, na anayefuatilia historia ya familia yake hutafuta mahali alikotoka, chombo kilichomchukua na siku aliyotia nanga. Mfano unaofahamika zaidi duniani wa familia za wavuvi zilizofuatiliwa kwa njia hiyo ni ule wa Waayalandi wa Newfoundland, kisiwa kilicho mashariki mwa Kanada ya leo, ambacho kilikuwa koloni la Uingereza lililoishi kwa uvuvi wa samaki aina ya chewa wa bahari baridi. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi miaka ya 1830, vijana wa kusini-mashariki mwa Ayalandi, wengi wao wakitoka katika eneo linalozunguka bandari ya Waterford, walivuka Atlantiki kwa mikataba ya kufanya kazi majira mawili ya kiangazi na kipupwe kimoja, wakivua, wakipasua na kuanika samaki juu ya machanja. Wengi walirudi kwao, lakini baadhi walioa wakabaki, na kwa lugha yao ya Kiayalandi waliiita nchi ile Talamh an Éisc, maana yake Nchi ya Samaki.

Mtafiti wa familia hizo ana bahati ya namna mbili. Kwanza, Waayalandi wana jina la ukoo ambalo baba humwachia mwana na mwana humwachia mjukuu, hivyo jina kama Sweetman, la wafanyabiashara wa Waterford waliokuwa na kampuni ya samaki katika bandari ya Placentia, linaweza kufuatwa katika barua, hesabu za duka na kumbukumbu za kanisa kwa vizazi kadhaa bila kubadilika. Pili, kuna karatasi. Ni kweli kwamba moto wa Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe mjini Dublin, uliteketeza hazina ya kumbukumbu za taifa pamoja na karibu hesabu zote za watu za mwaka 1821 hadi 1851, pigo ambalo Waayalandi wanalilia hadi leo. Hata hivyo, madaftari ya ubatizo ya Wakatoliki yalinusurika kwa sababu yalikuwa yamebaki parokiani, mikononi mwa mapadre wa vijijini, na mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliweka picha za madaftari hayo kwenye intaneti ili mtu yeyote ayasome bila malipo.

Katika mwambao wa Busia hakuna lolote kati ya mambo hayo mawili linalopatikana kwa sura hiyo. Miongoni mwa Wasamia, Wanyala na Waluhya wengine wa Busia, jina alilopewa mtoto lilieleza majira au hali ya kuzaliwa kwake, wala halikuwa mali ya ukoo: Wafula na Nafula walizaliwa wakati wa mvua, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Wanjala na Nanjala wakati wa njaa. Mtoto pia aliitwa jina la marehemu wa ukoo. Baba na mwana waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi moja, na Wafula mia moja waliweza kuishi katika lokesheni moja bila kuwa na undugu wa karibu. Kilichobaki bila kubadilika ni ukoo, yaani jumla ya watu wanaohesabu asili yao kwa babu mmoja upande wa baba na ambao hawaruhusiwi kuoana. Katika mwambao huu koo hutajwa kwa wingi wa watu, kama Abamulembo, Abamakunda na Abalwani wa Bunyala, au Abatabona na Ababukaki wa Samia, na mtu akikutana na mgeni njiani, swali la ukoo lilitangulia swali la jina.

Jambo moja katika mfumo huo lina thamani kubwa kwa mwanahistoria, ingawa limepuuzwa mno. Mwanamke aliyeolewa hakupoteza ukoo wake wa kuzaliwa. Kwa kawaida wakwe na majirani walimwita kwa jina la ukoo huo lililoanza kwa kiambishi "Na-", kwa namna ambayo binti wa Abasubo aliitwa Nasubo katika boma la mumewe hadi kufa kwake. Kwa hiyo kila boma lilikuwa na kumbukumbu hai ya mahali wanawake walikotoka, na kwa kuwa sheria ya kuoa ilimlazimu mwanamume kutafuta mke nje ya ukoo wake, majina hayo ya wake, yakikusanywa kwa vizazi vitatu au vinne, yanachora ramani ya safari, urafiki na biashara ya boma hilo kwa usahihi ambao hakuna karatasi ya serikali iliyoufikia. Historia ya wavuvi hawa, kwa maneno mengine, imehifadhiwa zaidi katika majina ya nyanya kuliko katika majina ya babu, na watafiti wanaoanza na kumalizia kwa mababu hujinyima nusu ya ushahidi.

Mapokeo ya koo, yaani masimulizi yanayorithishwa kwa mdomo kuhusu asili na safari zao, yalianza kuandikwa kwa utaratibu na Waluhya wenyewe katika miaka ya 1960, hasa katika vitabu vya John Osogo na Gideon Were vilivyotolewa mwaka 1966 na 1967. Mapokeo ya Wanyala yanataja asili ya magharibi, upande wa Bunyoro, na safari ndefu kupitia nchi ambayo leo ni mashariki mwa Uganda. Ya Wasamia yanachanganya koo zilizotoka pande mbalimbali, baadhi zikiwa na asili ya Kiluhya, nyingine zikiwa zimepita kwa Wasoga au kwa Wajaluo. Kinachojitokeza ni kwamba ziwa lilikuwa barabara. Visiwa kama Sigulu, ambacho leo kiko Uganda, vilikuwa vituo vya njiani na mahali pa kuvulia, na familia moja iliweza kuwa na shamba bara, ndugu kisiwani na kaburi la babu ng'ambo ya ghuba.

Chombo cha barabara hiyo kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mtumbwi uliotamalaki sehemu ya kaskazini ya ziwa ulikuwa ule wa mbao, unaoitwa kwa jina la visiwa vya Ssese vya Buganda, ambao msingi wake ni gogo moja refu lililochongwa, na juu yake hupandishwa mbao zilizotobolewa matundu pembezoni na kushonwa moja kwa nyingine kwa nyuzi za majani ya jamii ya mnazi. Gogo la msingi lilitokeza mbele kama pua, na mafundi walipenda kulipamba. Haukutumia msumari hata mmoja. Kwa kuwa mshono hauwezi kuzuia maji kabisa, mtu mmoja kati ya wapiga kasia alikuwa na kazi ya kukumba maji kwa kibuyu safari nzima, na mishono ilifumuliwa na kushonwa upya kila ilipooza. Kuwa na chombo cha namna hiyo kulihitaji miti mikubwa, fundi na wasaidizi wa kulisha kwa wiki nyingi, ndiyo maana mtumbwi ulikuwa mali ya ukoo au ya mtu mwenye watu nyuma yake.

Shehena yake haikuwa samaki tu. Vilima vya Samia vina mawe yenye chuma, na wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma hicho kwa mkaa na mivukuto wakafua majembe yaliyouzwa mbali kandokando ya ziwa na bara, hata yakatolewa kama mahari. Samaki waliokaushwa, nafaka na majembe vilizunguka pamoja, na jembe la Samia lilifika mahali ambapo mtengenezaji wake hajawahi kufika. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, yaliyouzwa rahisi madukani mwanzoni mwa karne ya 20, yaliuzima ufundi huo katika muda wa kizazi kimoja, na bila shaka hiyo ni mojawapo ya hasara kubwa zaidi ambazo utawala wa kikoloni uliisababishia sehemu hii, ingawa hutajwa mara chache kuliko kodi.

Kuhusu uvuvi wenyewe, vifaa vya asili vilikuwa migono, yaani mitego ya fito iliyosukwa mfano wa kikapu chenye mdomo unaoruhusu samaki kuingia bila kutoka, pamoja na uzio wa matete uliowekwa katika maji ya kina kifupi, ndoana, mikuki, na mafungu marefu ya mafunjo yaliyokokotwa na watu wengi kuelekea ufukweni. Vifaa hivyo vilitaka mikono mingi, na wanawake na watoto walishiriki katika baadhi ya kazi, hasa mito ilipofurika na samaki kama ningu walipopanda kutaga mayai. Mwaka 1905 kuliingia katika Ghuba ya Kavirondo, karibu na Kisumu, jarife la nyuzi za kitani, yaani wavu wa kutega unaosimama majini kama ukuta na kumnasa samaki matamvuani, na lililetwa na mvuvi kutoka Norwe. Jarife lilibadili hesabu nzima. Mtu mmoja au wawili wenye fedha za kununua nyavu waliweza kuvua samaki aina ya ngege wengi kuliko kijiji kizima kilichokuwa kikikokota mafunjo, na kwa kuwa reli ilikuwa Kisumu, samaki huyo alikuwa na mnunuzi Nairobi. Mvuvi akawa mtu wa kudaiwa dukani. Nyavu zilikopeshwa, na deni likarithiwa.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba reli hiyo ilikusudiwa kwanza kuishia katika mwambao huu. Msafara wa kupima njia ya reli ulioongozwa na Kapteni J. R. L. Macdonald mwaka 1891 na 1892 ulipendekeza mwisho wa reli uwe Port Victoria, huko Bunyala, na jina hilo la malkia limebaki kama kumbukumbu ya bandari ambayo haikujengwa. Baadaye ilionekana kwamba kuishia katika ghuba ya Kisumu kungefupisha njia, na Port Victoria ikabaki kituo cha wavuvi. Uamuzi huo ulimaanisha kwamba samaki wa Bunyala na Samia walilazimika kusafiri kwa chombo hadi Kisumu, au kubebwa kichwani na kwa baiskeli hadi masoko ya bara, na kwa hiyo mwambao wa Busia haukupata kamwe mji wa bandari. Miji yake ilizaliwa mpakani. Reli ilipokuja kupita katika wilaya hii katika miaka ya 1920, ilipita kaskazini kabisa, ikitoka Eldoret na kuvuka mpaka Malaba kuelekea Tororo na Jinja, mbali na harufu ya samaki.

Nyavu zilipozidi, samaki walipungua. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alipima hali ya ziwa zima, na ripoti yake ya mwaka 1929 ilipendekeza nyavu zenye matundu madogo kuliko inchi 5 zipigwe marufuku ili ngege wachanga waachwe wakue. Sheria za namna hiyo zilitungwa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kukawa na idara ya pamoja ya uvuvi ya makoloni matatu pamoja na kituo cha utafiti Jinja. Sheria ilikuwa na msingi wa kweli, lakini ilitegemea askari wachache kulinda pwani isiyo na mwisho, na nyavu za nailoni zilizoingia miaka ya 1950, ambazo haziozi na zinavua zaidi, ziliizidi nguvu. Uganda na Tanganyika ziliondoa kikomo hicho cha inchi 5 mwaka 1956, na Kenya ikafuata mwaka 1961. Wavuvi wa Sio walijikuta kwa miaka mitano wakivua maji yaleyale na ndugu zao wa Uganda huku sheria ya upande mmoja ikikataza kile ambacho ya upande wa pili ilikiruhusu.

Kabla ya sheria hizo za nyavu, hata hivyo, mwambao ulikuwa umepita katika msiba uliovuruga koo kuliko mpaka na nyavu kwa pamoja. Ugonjwa wa malale, unaosababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o na kumfanya mgonjwa adhoofike, apoteze akili na kulala hadi kufa, ulitambuliwa nchini Uganda mwaka 1901 na madaktari ndugu Albert na Jack Cook katika hospitali ya Mengo, na katika miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya kaskazini ya ziwa, kutoka Buganda na Busoga hadi Samia na Bunyala. Mbung'o wa ziwani hukaa katika vichaka vya kando ya maji, mahali hasa ambapo mvuvi huegesha mtumbwi, hushona nyavu na kukausha samaki, kwa hiyo ugonjwa ulimwua mvuvi kabla ya mkulima. Serikali ya Uganda chini ya Gavana Hesketh Bell iliamuru watu wahamishwe kutoka pwani na visiwa, na vyombo vya uvuvi vikaachwa kuoza. Familia zilizokuwa kisiwani zilikuja kwa wajomba wa bara, nyingine zikasambaa hadi kwa watu wasio na undugu nao na kupokewa katika koo zao. Hapa ndipo nyuzi nyingi za ukoo zinapokatika mkononi mwa mtafiti: watu walioitwa "wageni" katika kijiji cha Samia mwaka 1920 mara nyingi walikuwa wenyeji wa pwani iliyokuwa imefungwa, umbali wa saa chache za kasia.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya malale ambapo Waayalandi waliingia ziwani, lakini hawakuja kama walivyokwenda Newfoundland. Hawakuja kuvua. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill, lililoanzishwa London mwaka 1866 na Herbert Vaughan, walifika Buganda mwaka 1895 na kukabidhiwa jimbo la kanisa lililoitwa Nile ya Juu, ambalo lilivuka hadi nchi inayoitwa leo magharibi mwa Kenya kwa sababu wakati huo yote ilikuwa Uganda; misheni ya Mumias ilifunguliwa mwaka 1904, na kutoka huko na vituo vilivyofuata mapadre walitembea hadi Samia, Bunyala na Teso. Miongoni mwao walikuwamo Waholanzi, Waingereza, Watirol na Waayalandi. Mpaka wa serikali ulihama mwaka 1902, ilhali kanisa liliendelea kuuvuka hadi mwaka 1925, lilipoundwa jimbo la Kavirondo upande wa Kenya, na kwa miaka 23 hiyo kumbukumbu za kanisa zinatazama magharibi, Nsambya huko Kampala, wakati za serikali zinatazama mashariki.

Mwayalandi aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika upande huu wa ziwa ni Teresa Kearney, anayejulikana kama Mama Kevina. Alizaliwa mwaka 1875 karibu na Arklow, mji wa wavuvi na waunda meli katika wilaya ya Wicklow, baba yake akiwa amekufa kabla hajazaliwa, na mama yake akafa alipokuwa na umri wa miaka kumi, akalelewa na bibi yake. Alijiunga na masista Wafransisko huko Mill Hill, na tarehe 15 Januari 1903 alifika Nsambya pamoja na masista wenzake watano, malale yakiwa katika kilele chake. Alifungua zahanati na shule, akaanzisha hospitali za wagonjwa wa ukoma Nyenga, huko Buganda, na Buluba, huko Busoga, na tarehe 1 Mei 1923 alianzisha Nkokonjeru shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambalo lilivuka mpaka na kuenea Kenya. Alifia Marekani mwaka 1957, na mwili wake ukaletwa kuzikwa Nkokonjeru Desemba mwaka huohuo. Nchini Uganda jina lake, kevina, lilikuja kutumika kumaanisha hospitali au nyumba ya huruma.

Mtu anayefuatilia familia ya Kearney kwa njia ya damu atakoma Nkokonjeru, kwenye kaburi la mwanamke asiye na mtoto. Lakini wenyeji wa ziwa wana kipimo kingine cha ukoo, kilichopokea wakimbizi wa malale na kuwafanya wana, na kwa kipimo hicho ukoo wake upo na ni mkubwa. Binti wa Samia au wa Teso aliyeingia nyumba ya watawa alipata jina jipya, mama mpya na dada ambao hakuzaliwa nao, na alizikwa pamoja nao. Ikiwa kuna familia ya Kiayalandi iliyohamia pwani hii na kuzaa, ni hiyo, na vizazi vyake ni Waafrika watupu.

Mapadre na masista hao ndio walioleta karatasi ambayo koo za wavuvi hazikuwa nayo. Daftari la ubatizo lilikuwa kitabu kikubwa chenye mistari, kilichoandikwa kwa Kilatini, na kila aliyebatizwa alipata namba, tarehe, jina la ubatizo, jina la kienyeji, jina la baba, jina la mama, kijiji na msimamizi, na pembeni padri aliongeza baadaye ndoa au kifo. Patrick na Brigid, watakatifu wasimamizi wa Ayalandi, walikaa mstari mmoja na Wafula na Nekesa. Udhaifu wa daftari ni kwamba lilikuwa na nafasi ya jina la baba lakini halikuwa na nafasi ya ukoo. Uzuri wake ni kwamba lilimwandika mama, na pale padri alipoandika jina alilosikia wakimwita mama huyo bomani, "Na-" ile ikaingia katika wino bila yeye kujua amehifadhi nini.

Karatasi za serikali zilikuwa na shabaha nyingine. Kodi ya nyumba ilihesabu nyumba. Kipande, yaani cheti cha usajili ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kilihesabu nguvu za kazi. Mwanamke hakuwamo kabisa katika kipande. Aidha, kumbukumbu za mwambao zimetawanyika kwa sababu makao ya utawala yalihamahama: za kabla ya 1902 ziko upande wa Entebbe na London, za baadaye zilipitia Mumias, Kakamega na Kisumu, Wilaya ya Busia ikaundwa mwaka 1963, na moto wa mwaka 1939 katika ofisi kuu za serikali Nairobi uliteketeza majalada mengi, hasara inayofanana na ya Dublin ingawa haina umaarufu wake.

Baada ya uhuru, mstari wa 1926 ulipata makali mapya, kwa sababu sasa uligawa uraia. Maji ya ziwa yenyewe yalipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964, yakafunika makazi na makaburi ya kando, na kuzilazimisha familia kuhama wakati uleule zilipokuwa zikiulizwa ni za nchi gani. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya kutoka Uganda, na wengi waliopita Busia na Malaba wakirudi "kwao" walikuwa wamezaliwa ng'ambo. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, akitumia kama hoja uhamisho uleule wa mkoa, na watu wa mpakani waliishi kwa hofu kwa sababu ya tarakimu za mwaka 1902. Maisha, hata hivyo, yalitafuta njia. Vijana wenye baiskeli waliowavusha abiria na mizigo katika nafasi iliyo kati ya kizuizi cha Kenya na cha Uganda mjini Busia, wakiita wateja kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza chao, ndio waliozaa neno "bodaboda", na samaki wakavu, omena na baadaye minofu ya mbuta walipita katika vikapu vyao pamoja na habari za misiba na harusi.

Familia ya Samia, Bunyala au Teso inayotaka kujua ilikotoka ianze basi kwa kuandika ukoo wa kuzaliwa wa kila nyanya, upande wa baba na upande wa mama, pamoja na kijiji cha kwao bila kujali kiko nchi gani leo, na wanaoweza kuwataja wote bado wapo lakini hawako wengi. Baada ya hapo ndipo daftari la parokia, jalada la Nairobi na kumbukumbu za Entebbe zitakapokuwa na maana. Na kwa majimbo ya kanisa ya pande zote mbili za Sio na Malaba, pamoja na serikali za kaunti na wilaya zinazopakana nayo, ombi ni moja: madaftari ya zamani ya ubatizo yapigwe picha na kuunganishwa katika hazina moja isiyokatwa na mpaka, kabla mchwa na unyevu wa ziwa havijayafanyia kazi ambayo moto uliifanya Dublin.